Baada ya Zamu, sehemu ya 9: Mwenye duka la vitabu na mama aliyehesabu vidonge

 

Wiki iliyopita niliweka picha ya kikombe changu cha chai baada ya zamu ya usiku. Nilitaka tuongelee usingizi wa mama anayenyonyesha. Lakini pembeni ya kikombe kulikuwa na kitabu, na kwenye jina lake kuna neno la Kiingereza la kifo, basi mjadala wote ukahamia huko. Usingizi tukausahau.

Mmoja wenu akanifuata inboksi, kwa upole kabisa: "Dada, wewe una watoto wadogo na unashinda na wagonjwa. Hivi unapata wapi moyo wa kusoma hadithi za mauaji ukirudi nyumbani?" Mwingine hakuwa mpole. Aliandika kwamba mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja akikaa kusoma riwaya, ujue kuna vyombo havijaoshwa.

Vipo. Vyombo vipo, dada yangu, na vitaoshwa. Ila leo nijibu hilo swali la kwanza, maana ni swali zuri na limenisumbua wiki nzima.

Kitabu chenyewe kinaitwa Death on Demand. Kilitoka mwaka 1987, mwandishi ni Carolyn Hart, mama wa Kimarekani kutoka Oklahoma. Ni cha kwanza katika mfululizo wa vitabu 26, na cha mwisho, Walking on My Grave, kilitoka 2017. Mimi nilikipata kwa wauza vitabu vya mtumba, wale wanaopanga chini kando ya barabara, nikakichukua kwa sababu kinaingia kwenye mfuko wa sare. Ndiyo hivyo, sikukichagua kwa busara yoyote.

Mhusika mkuu ni dada mmoja anaitwa Annie Laurance. Mjomba wake amefariki, amemwachia duka la vitabu kwenye kisiwa kidogo, Broward's Rock, pwani ya jimbo la South Carolina. Kisiwa hicho ukikitafuta kwenye ramani hukipati, ni cha kubuni. Duka linauza vitabu vya upelelezi tu. Mlangoni kuna kunguru mkubwa aliyekaushwa, wanamwita Edgar. Kuna paka mweusi anaitwa Agatha, ana dharau kama paka wote. Kuna sehemu ya kahawa, na vikombe vyake vimeandikwa majina ya riwaya maarufu. Na juu ukutani kila mwezi zinatundikwa picha tano za kuchora, kila moja inaonyesha tukio kutoka kitabu fulani. Mteja wa kwanza kuvitambua vyote vitano anapata zawadi ya kitabu na kahawa. Yaani unasoma unatamani uhamie mle dukani na mkeka wako.

Sasa, jioni moja waandishi wa kisiwani wamekusanyika dukani, mmoja wao ametangaza kwamba ataanika siri za wenzake. Taa zinazimika. Zikiwaka, yule bwana mwenye siri amekufa. Na polisi wakianza kuangalia nani wa kumshuku, mwenye duka naye yumo kwenye orodha. Siwaambii nani alifanya, msije mkanilaumu.

Hadithi za aina hii Wazungu wanazo nyingi sana. Kijiji au mji mdogo, mpelelezi asiye polisi, labda ana duka la vitabu, la keki, la nyuzi. Damu haionekani. Hakuna matusi, hakuna mambo ya chumbani, na mwishoni muuaji anajulikana. Mimi naziita hadithi za kikombe cha chai. Na msidhani ni vitu vya kudharauliwa: Something Wicked, kitabu cha tatu cha mfululizo huu, kilipata tuzo ya Agatha ya riwaya bora ya 1988. Tuzo hiyo imepewa jina la Agatha Christie, yule mama wa Kiingereza.

Sisi wenyewe tulioshiba Willy Gamba wa Elvis Musiba tumezoea upelelezi wa bastola na ndege. Lakini hata kwetu mpelelezi wa kukaa, kutazama na kufikiri yupo siku nyingi. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, pale Unguja, alianza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Yeye hakuvaa sare ya polisi. Alikuwa anaangalia watu. Annie ni wa ukoo huo, ingawa Bwana Msa ana majivuno zaidi.

Basi, moyo wa kusoma naupata wapi?

Nitaanza na lile linalonikera, maana siuzi vitabu mimi. Kifo cha kwenye hadithi hizi ni kisafi mno. Mtu amekufa ukurasa wa hamsini, ukurasa wa hamsini na mbili watu wanakunywa kahawa. Hakuna anayefuta sakafu. Hakuna mama aliyekaa chini kwenye korido amefunika uso na kanga. Mimi nimeshafunga macho ya watu kwa vidole vyangu, najua chumba kinavyobaki kimya baadaye, na najua kwamba hujui hata mikono yako uiweke wapi. Mwandishi wa hadithi hizi anakuondolea hayo yote. Miaka ya mwanzo ya kazi ningekitupa kitabu cha hivyo. Sasa hivi, nikirudi saa mbili asubuhi na miguu imevimba, nashukuru kwamba kuna mtu ameniondolea. Mzigo halisi ninao tayari, sihitaji mwingine wa karatasi.

Halafu na hesabu jamani. Vitabu 26, kisiwa kidogo, kila kitabu mtu au watu wanakufa. Mimi ningeshahama kitabu cha nne.

Na Annie ana tabia moja naomba msiige: akishuku mtu, anakwenda mwenyewe. Mara nyingine usiku. Hapo huwa namfokea kwa sauti mpaka mtoto anaamka.

Lakini kuna kitu kwenye hadithi hizi ambacho kimenigusa mimi kama nesi na kama mama, na ndicho kilichonifanya niandike sehemu hii. Annie hana maabara. Hana cheo wala bastola. Anachojua ni watu. Anajua nani hununua kitabu gani, nani huja saa ngapi, nani leo hakucheka. Kwenye Honeymoon with Murder, kitabu cha nne, cha 1989, usiku uleule wa harusi yake na Max, msaidizi wake wa dukani, Ingrid, anatoweka, na nyumbani kwa Ingrid kumekutwa maiti. Kwa mtu wa nje hesabu ni rahisi: mwenye nyumba kaua, kakimbia. Annie anakataa katakata. Hana ushahidi wowote wa kuweka mezani. Ana kitu kimoja tu, anamjua Ingrid.

Sasa niambieni, nani mwingine duniani anafanya kazi ya namna hiyo kila siku, bila mshahara, na anaambiwa "tulia mama, usiwe na wasiwasi"?

Subirini, kuna habari nyingine inaingia hapa, na hii si riwaya.

Paka wa Annie anaitwa Agatha kwa ajili ya Agatha Christie. Wengi hawajui kwamba Christie, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alijitolea kama muuguzi hospitalini Torquay, kusini mwa Uingereza, halafu akahamia chumba cha dawa. Sumu alizijulia huko, kwenye chupa na mizani. Kitabu chake cha kwanza cha upelelezi kilitoka 1920, na tangu hapo watu wake wakawa wanakufa kwa sumu kwa mpangilio mzuri kabisa, dozi na dalili ziko sawasawa. Kwenye The Pale Horse, cha mwaka 1961, alitumia thaliamu, sumu isiyo na rangi wala ladha. Mojawapo ya dalili zake ni nywele kunyonyoka.

Mwaka 1977 mtoto wa miezi 19 aliletwa London kutoka Qatar akiwa mahututi. Madaktari walipima, wakajadiliana, hawakupata jibu. Nesi aliyekuwa akimhudumia alikuwa anasoma The Pale Horse siku zilezile. Akaona nywele za mtoto zinavyotoka, akakumbuka kitabuni, akawaambia madaktari: huyu mtoto anafanana na watu wa kwenye riwaya ninayosoma. Hebu fikiria ujasiri wa kusema neno hilo mbele ya madaktari bingwa! Wakapima. Ilikuwa thaliamu kweli. Nyumbani kwao kulikuwa na dawa ya kuulia mende na panya, na mtoto alikuwa ameipata. Akatibiwa, akapata nafuu. Kisa hicho kiliandikwa kwenye jarida la madaktari mwaka huohuo.

Mara ya kwanza kusoma habari hiyo nilivimba kichwa kwa niaba ya manesi wote. Ya pili nikaona aibu. Niwaambie kwa nini.

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini, wodi ya watoto, hospitali sitaitaja. Jioni, watoto wengi, sisi wawili tu. Akaja mama na mtoto wa kiume wa miaka miwili hivi, amelala begani. Namuuliza shida, anasema, "Nesi, huyu amelala." Nikamwangalia. Nikapima joto, sawa. Anapumua vizuri. Hajatapika, haharishi, hajaanguka. Mama anasema, "Huyu halali saa hizi. Tangu azaliwe hajawahi kulala saa hizi. Na anatoka jasho, angalia shingoni." Nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natamani kujificha: "Mama, wenzako wanaomba watoto walale. Kaa pale, tulia, daktari atakuja."

Akakaa. Baada ya dakika chache akarudi. Nikamrudisha. Akarudi mara ya tatu, na safari hii hakuniambia kuhusu mtoto, aliniambia kuhusu nyumba yake. Alikuwa amempigia simu binti yake mkubwa. Akaanza kunieleza pale kaunta, polepole, kama mtu anayepanga nyanya mafungu: Bibi yao ana kisukari. Jumatatu alichukua vidonge 30 kwenye kibahasha. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, alianza Jumatatu jioni. Leo Alhamisi, cha jioni hajanywa. Kwa hiyo amekunywa sita, vibaki 24. "Nimemwambia binti avimwage kitandani avihesabu. Amehesabu mara mbili. Viko 22."

Nilisimama nikamwangalia tu. Kisha nikakimbia kuchukua kipimo cha sukari.

Sukari ilikuwa chini mno, namba ambayo mtoto akiachwa nayo usiku kucha akidhaniwa amelala, asubuhi haamki. Dawa zile za kushusha sukari hata kidonge kimoja ni hatari kwa mtoto mdogo. Daktari alikuja mbio, glukosi kwenye mshipa, na usiku mzima tukawa tunampima, kwa sababu sukari ya namna hiyo inapanda halafu inashuka tena. Alfajiri mtoto alifungua macho akaomba uji. Mama yake hakulia. Mimi ndiye niliyelia, chooni, na maji ya bomba nimeyafungulia ili nisisikike.

Dada yangu uliyeniuliza moyo naupata wapi, naupata hapo. Nikisoma Annie anamwambia mkuu wa polisi kwamba Ingrid hawezi kufanya kitu kile, na mkuu wa polisi anataka ushahidi, mimi namwona yule mama na kibahasha cha vidonge. Kitabuni nauona upande wangu pia. Mimi ndiye niliyekuwa yule afisa mwenye sare na kalamu, aliyeshatoa hukumu kabla shahidi hajamaliza.

Msinielewe vibaya. Sisemi wasiwasi wa mama unapima sukari. Unapimwa na kipimo. Mama wengi wanaokuja na hofu, tukiangalia, mtoto yuko salama, na hiyo ndiyo siku nzuri kazini. Wala Annie hapatii kila mara, anawashuku watu wasiohusika vitabu vizima. Kosa lipo kwenye kumwambia mtu anyamaze kabla hujaangalia. Tangu siku ile mama akiniambia "hayuko kawaida yake", hayo maneno nayaandika kwenye faili kama yalivyo, na namuuliza: kawaida yake ikoje? Swali hilo limenipa majibu mengi kuliko maswali niliyokaririshwa chuoni. Na wenzangu wa fani mnaonisoma humu, najua mko wachache kwenye zamu na wagonjwa wamejaa hadi chini. Na mimi niko hukohuko. Kuuliza kunachukua nusu dakika.

Nanyi mkija, njooni kama wenye duka la vitabu. Mtoto akibadilika ghafla, akawa mlegevu, anatoka jasho au mate mengi, anatapika, haeleweki, jiulize mara moja nini kipo ndani kinachoweza kumezwa: vidonge vya bibi, sumu ya panya, dawa ya mende, dawa ya shambani, mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda (hii chupa ya soda jamani, tumeisema mpaka midomo imekauka). Beba kifungashio au chupa yenyewe uje nayo. Kumbuka ni saa ngapi alikuwa mzima. Usimtapishe, na maziwa au mafuta ya kula usimnyweshe kwa ushauri wa jirani, hasa kama ni mafuta ya taa, maana akitapika yanaweza kuingia kwenye mapafu. Usisubiri dalili ziongezeke ili uaminiwe, njoo. Na ukiambiwa utulie na moyo wako umekataa, rudi kaunta. Rudi mara ya tatu. Kama huyo wa kaunta hasikii, muulize mwingine, mtafute msimamizi wa zamu. Atakayekasirika atapoa.

Namba za vidonge sasa hivi nazihesabu hata kwangu, kila Jumapili. Mama mkwe anaishi nasi tangu mwezi wa tatu, ana presha, na dawa zake tumezihamishia juu ya kabati, ndani ya kopo lenye kifuniko cha kukaza. Mwanzoni aliona kama namdhibiti. Nikamweleza kisa cha vidonge 22. Akaenda mwenyewe kuleta na vingine viwili alivyokuwa amefunga kwenye ncha ya kanga.

Ndiye pia aliyenikuta siku ya kwanza na hicho kitabu, akaniuliza, "Mwanangu, una mtihani tena?" Nikamwambia hapana mama, ni hadithi, kuna binti ana duka, mtu ameuawa dukani kwake. Akasema astaghafiru, akaenda zake. Jioni akarudi jikoni. "Huyo binti mwenye duka, wamemkamata?"

Siku hizi namsimulia kila jioni, sura moja moja, namgeuzia kwa Kiswahili ninavyoweza. Yeye anaosha vyombo, mimi nasuuza na kusimulia, mtoto anagonga sufuria na mwiko. Anamshuku Max, mchumba wa Annie, tangu mwanzo kabisa, kwa sababu ni kijana mwenye pesa na kazi yake haieleweki. Nimemwambia mama, huyo ni mzuri, baadaye wanaoana. Ananiambia nisimweleze mambo ya ndoa, nisome mbele.